Pumziko la Mgeni: Fikira juu ya Likizo ya Visiwani



Katika lugha yetu tunayo maneno yanayokaribiana sana: pumziko, raha, starehe, anasa, uvivu. Mkulima akikaa chini ya mwembe baada ya palizi, hakuna amwitaye mvivu. Mgeni akiingia nasi tukataka kuinuka kumpisha, hutuambia, "Starehe!", yaani kaeni vivyo hivyo, msisumbuke. Lakini tukisikia kwamba fulani ni mtu wa starehe, mara tunatikisa vichwa. Neno ni lile lile. Basi mpaka kati ya pumziko jema na anasa mbaya uko wapi?

Tulichunguze swali hili kwa mfano ulio mbali na kwetu: vijana wanaokwenda kwenye visiwa vya Ugiriki, shanta mgongoni, pamoja na rafiki zao, wakakaa huko wiki mbili au tatu bila kazi yo yote. Mfano huu unafaa kwa sababu mbili. Kwanza, visiwa vile vimekuwa kwa watu wengi ulimwenguni picha yenyewe ya raha. Pili, ni katika nchi ile ile ambamo wenye hekima wa kale walibishana sana juu ya maana ya raha.

LIKIZO YENYEWE ILIVYO

Tuwaze vijana wanne. Wawili wamemaliza chuo, mmoja ni muuguzi, mmoja ni fundi umeme. Wameweka akiba mwaka mzima. Wanafika Athens, wanashuka mpaka bandari ya Piraeus, wanakata tikiti za feri za bei ya chini, zile za kukaa sitahani. Usiku wanaegemea shanta zao huku upepo ukivuma. Ugiriki ina visiwa na vijisiwa kama 6,000, lakini vinavyokaliwa na watu ni 227 tu. Hata hivyo kuchagua si rahisi. Labda wanashuka Naxos, penye milima na mashamba ya viazi, au wanaendelea mpaka Amorgos, kisiwa chembamba chenye magenge marefu. Wanapanga chumba kwa mama mmoja wa kijijini.

Tangu siku hiyo hawatazami saa. Asubuhi wanaogelea. Chakula ni mkate, nyanya, zeituni na jibini. Alasiri kijiji chote kinanyamaza, maana saa za jua kali ni saa za kulala, na wakati wa kiangazi sheria inakataza makelele kati ya saa tisa na saa kumi na moja na nusu. Jioni wanakaa nje ya mkahawa, meza moja, mazungumzo yasiyo na ajenda. Siku ya nne hakuna anayekumbuka kama ni Jumanne au Jumatano.

Mtindo huu si wa jana. Katika miaka ya 1960 vijana kutoka Ulaya na Marekani walikuwa wakiishi katika mapango ya Matala, kusini mwa Krete. Tena mwaka 1972 mashirika ya reli ya Ulaya yalianza kuuza tikiti iitwayo Interrail, iliyomwezesha kijana asiyezidi miaka 21 kupanda treni mwezi mzima katika nchi 21. Wengi wa vijana hao walishuka kusini mpaka reli ikaisha, kisha wakatafuta feri.

SHITAKA LA UVIVU

Mzee mwenye jembe mkononi anaweza kuuliza: "Je, hawa hawana kazi? Wazazi wao hawana shamba?" Swali hilo si la kudharauliwa. Kijana mwenye afya anayelala mchanga wa pwani wiki tatu anapaswa kuwa na jibu.

Jibu la kwanza linalotolewa ni hili: anapumzika ili apate nguvu za kurudi kazini. Jibu hilo lina ukweli, hasa kwa yule muuguzi aliyekesha wodini miezi kumi na moja. Lakini tukiishia hapo tumemfanya mwanadamu kuwa kama jembe linalonolewa: thamani yake yote imo katika kulima. Je, mtu asiyeweza tena kufanya kazi, mzee au mgonjwa, hana haki ya kufurahia jua la jioni?

Aristotle, aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 kabla ya Kristo, aliligeuza jambo hili. Alifundisha kwamba hatupati wasaa ili tufanye kazi. Twafanya kazi ili tupate wasaa, kama vile watu wapiganavyo vita ili wapate amani. Tena alitofautisha mchezo na wasaa. Mchezo ni kama dawa ya mtu aliyechoka. Wasaa ni muda ambao mtu hufanya mambo yenye thamani ndani yake yenyewe: kufikiri, kutazama, kujifunza, kuzungumza na rafiki.

Neno la Kigiriki la wasaa ni "skholē". Warumi walilichukua wakasema "schola", Wajerumani wakasema "Schule", nasi tukalipokea kutoka kwao: shule. Wale wasemao "skuli" walilipata kwa Waingereza, lakini chanzo ni kile kile. Hivyo kila asubuhi tunapowapeleka watoto shule, kwa asili ya neno tunawapeleka mahali pa wasaa, mahali ambapo wameondolewa kazi ili akili zao zikue. Nani atasema hiyo ni kupoteza wakati?

Lakini tusimsifu Aristotle kupita kiasi. Wasaa aliousema ulikuwa wa wanaume wachache walio huru, na aliutetea utumwa. Watumwa walilima, walipika na kuchota maji, ili bwana apate kufikiri juu ya mema. Hapa tunapata swali la kwanza la kuliweka akilini: kila tuonapo mtu amepumzika, nani anafanya kazi ili yeye apumzike?

MAFUNDISHO YA SHANTA

Yuko mwingine ambaye jina lake limechafuliwa sana. Epicurus alizaliwa katika kisiwa cha Samos mwaka 341 kabla ya Kristo, na baadaye akafungua shule katika bustani moja huko Athens. Wasomaji wa Matendo ya Mitume watakumbuka kwamba Paulo alikutana na wafuasi wake, Waepikureo, katika mji huo huo. Watu wengi hudhani kwamba Epicurus alifundisha ulafi na ulevi. Si kweli. Alisema kwamba raha ndiyo lengo la maisha, lakini raha aliyoitaka ni mwili usio na maumivu na moyo usio na fadhaa. Yeye mwenyewe aliridhika na mkate na maji, na jibini kidogo ilikuwa karamu kwake. Katika bustani yake walikaribishwa wanawake, na hata watumwa, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika shule za wakati huo.

Alizigawa tamaa zetu katika mafungu. Ziko za asili na za lazima, kama chakula, maji na mahali pa kulala. Ziko za asili lakini si za lazima, kama vyakula vya fahari. Na ziko zisizo za asili wala za lazima, kama kutaka kusifiwa na kila mtu. Za kwanza hutoshelezwa kwa urahisi. Za mwisho hazina kikomo.

Basi yule kijana mwenye shanta anaweza kuyaelewa mafundisho haya kuliko msomaji wa vitabu. Shanta humfundisha kwa uzito. Kila kitu alichokitia ndani atakipandisha ngazi za mawe za kijijini kwa mgongo wake. Siku ya tano anagundua kwamba mashati mawili yanatosha, na kwamba viatu vya pili vilikuwa mzigo bure. Nyumbani kabati halimwambii mtu kitu, mgongo humwambia. Anayerudi na somo hilo hakupoteza likizo yake.

URAFIKI UNAPOPIMWA

Epicurus alisema tena kwamba katika yote ambayo hekima hutupatia kwa ajili ya furaha, hakuna lililo kubwa kama urafiki. Na hapa twafika kwenye kiini cha likizo ya namna hii, kwa sababu vijana wale hawakwenda kutazama bahari tu. Walikwenda pamoja.

Aristotle alitaja aina tatu za urafiki: wa kufaana, wa kufurahishana, na wa watu wanaopendana kwa ajili ya wema waliouona kila mmoja kwa mwenzake. Nyumbani ni vigumu kujua tunao upi. Kazi hutukutanisha, karamu hutukutanisha, kisha kila mtu huenda zake. Lakini katika chumba kimoja chenye vitanda vinne, wiki tatu, hakuna pa kujificha. Nani anaosha vikombe? Nani hulipa kidogo kila siku akijifanya amesahau pochi? Mmoja akiumwa tumbo siku ya safari ya mashua, je, watatu wataondoka, au yuko atakayesema, "Nendeni, mimi nitabaki naye"? Huyo atakayebaki, naye alikuwa na hamu ya ile mashua, ametuonyesha urafiki wa tatu.

Wako wanaosema kwamba urafiki wa kweli hujengwa katika shida tu, kwa hiyo likizo haiwezi kuujenga. Nadhani wanasahau upande mmoja. Katika shida tunajua nani atatusaidia. Katika raha tunajua nani anaweza kufurahi sisi tunapofurahi, bila wivu na bila kutaka kuwa wa kwanza. Hilo nalo ni adimu.

KISIWA CHA KUSAHAU

Hata hivyo Epicurus ana udhaifu wake, nao ni ukuta wa bustani. Alishauri watu wajiepushe na mambo ya siasa ili wasifadhaike. Bahari inayozunguka kisiwa ni ukuta mkubwa kuliko wa bustani.

Wagiriki wenyewe waliijua hatari hii tangu zamani. Katika utenzi wa Homer uitwao Odyssey, mabaharia wa Odysseus wanafika kwa watu wapole walao tunda la loto. Hawakupigwa wala hawakufungwa. Walipewa tunda, wakala, wakasahau nyumbani, wala hawakutaka kurudi. Odysseus alilazimika kuwakokota merikebuni huku wakilia. Msimulizi alitambua kwamba raha inaweza kumpoteza msafiri kama vile dhoruba.

Historia ya karibu yatupa mfano mzito zaidi. Kati ya mwaka 1967 na 1974 Ugiriki ilitawaliwa na maofisa wa jeshi. Katika miaka hiyo vijana wageni walikuwa wakiota jua katika fukwe nyingi. Katika miaka hiyo hiyo maelfu ya Wagiriki waliopinga utawala huo walipelekwa kifungoni visiwani, wengine Leros, wengine Gyaros, kisiwa kikavu ambacho kilikwisha kutumika kwa kazi hiyo tangu miaka ya 1940. Bahari ilikuwa moja, jua lilikuwa moja. Kwa mmoja kisiwa kilikuwa raha, kwa mwingine gereza. Hata Patmo, ambayo leo wageni huishukia kwa furaha na kupanda mpaka monasteri iliyoanzishwa mwaka 1088, ilikuwa mahali pa uhamisho kwa Yohana.

Je, maana yake ni kwamba kijana yule wa mwaka 1970 alitenda dhambi kwa kuogelea? Sisemi hivyo. Kama ingetupasa kungoja mpaka pasiwe na mfungwa ye yote duniani ndipo tupumzike, hakuna ambaye angepumzika kamwe, na mtu aliyechoka kabisa hamfai mfungwa. Lakini iko tofauti kati ya kupumzika na kukataa kujua. Wa kwanza amefumba macho alale. Wa pili amefumba macho ili asione.

MGENI NA JEMBE LAKE

Katika Kigiriki neno "xenos" lina maana mbili: mtu asiyejulikana, na mgeni anayekaribishwa. Wazungu wengi hulistaajabia. Sisi hatuna haja ya kustaajabu, kwa kuwa neno letu "mgeni" ni hivyo hivyo. Twasema "mimi ni mgeni hapa" na twasema "nina mgeni nyumbani". Lugha zote mbili zinakubali kwamba yule tusiyemjua na yule tunayempikia ni mtu mmoja.

Lakini wahenga wetu waliongeza: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo haimfukuzi mgeni. Inasema kwamba akikaa, aingie katika mzigo wa nyumba. Basi jembe la mtalii ni lipi?

Tutazame hesabu. Ugiriki ina watu milioni 10 na zaidi kidogo. Mwaka 2024 walifika wageni zaidi ya milioni 35. Kisiwa cha Santorini kina wakazi kama 15,000, nacho hupokea zaidi ya watu milioni 3 kwa mwaka. Ndiyo sababu tangu mwaka 2025 wameweka kikomo cha abiria 8,000 kwa siku kutoka meli kubwa za matembezi. Visiwa vingi vya huko havina mito; maji yake hutoka katika mitambo ya kuondoa chumvi ya bahari. Mwalimu au daktari aliyepangiwa kazi kisiwani hutafuta nyumba asiipate, kwa maana wenye nyumba hupata fedha nyingi zaidi kwa kukodisha vyumba kwa wageni wa kiangazi.

Kiangazi cha mwaka 2023 watu wa kisiwa cha Paros waliandamana ufukweni wakiwa na taulo mikononi. Hawakudai jambo kubwa. Walitaka kupata mahali pa kutandika taulo bila kulipia, kwenye pwani ambayo baba zao walivua samaki, nayo ilikuwa imejaa viti na miavuli ya kukodishwa. Malalamiko yao yalisikika. Sheria ya mwaka 2024 iliamuru kwamba walau asilimia 70 ya ufuko iachwe wazi, na asilimia 85 mahali palipohifadhiwa.

Wengine wakisikia haya husema, "Basi watalii wabaki makwao." Jibu hilo ni rahisi mno. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, wageni walipungua kutoka milioni 31 mpaka kama milioni 7, na wenye vyumba vidogo, wavuvi na wapishi wakaona taabu. Mwenyeji hamtaki mgeni asije. Anataka aje kama mgeni.

Jembe la mtalii, basi, ni mambo madogo: kutumia maji kama mtu ajuaye yanakotoka, kununua mkate kwa mwoka mikate wa kijiji, kulipa bei iliyo haki hata kama aweza kubishana ikapungua, kunyamaza saa ambazo wenyeji wamelala, na kujua jina la yule mama anayetandika kitanda. Tukikumbuka wasaa wa Aristotle na watumwa wake, tutaona kwamba hili la mwisho si adabu tu. Ni kukiri kwamba pumziko letu lina mtu aliyelibeba.

WAGENI WA NAMNA MBILI

Liko jambo moja ambalo hatuwezi kulikwepa. Mwaka 2015 watu kama 500,000 waliokimbia vita na taabu, wengi wao kutoka Siria na Afghanistan, walifika Lesbos, kisiwa chenye wakazi wasiofikia 90,000. Kutoka pwani ya Uturuki mpaka visiwa vya Lesbos au Kos ni mwendo wa kilometa chache. Mtalii mwenye pasipoti huvuka kwa feri kwa nauli ndogo, akala chakula cha mchana ng'ambo na kurudi. Mkimbizi alilipa mara nyingi zaidi kwa mlanguzi, akapanda mpira uliojaa kupita kiasi. Septemba mwaka huo mtoto mdogo Msiria alizama akipelekwa Kos, na picha yake ikatangaa dunia nzima.

Wavuvi wa Lesbos waliingia baharini kuwaokoa watu, na bibi vizee wakawanywesha watoto maziwa. Hawakuuliza kama huyu ni mgeni wa namna ya kwanza au ya pili. Lakini siku zilipokuwa miaka, mambo yaligeuka. Kambi ya Moria, iliyotengenezwa kwa watu kama 3,000, ilikuwa na zaidi ya 12,000 ilipoteketea kwa moto Septemba 2020. Wenyeji walichoka, na wakimbizi walikata tamaa. Hapa methali yetu ina neno la kusema. Mgeni yule alikaa zaidi ya siku mbili, lakini hakuruhusiwa kuondoka, wala hakupewa jembe. Mtu asiyeruhusiwa kwenda wala kufanya kazi amenyimwa hata heshima ya kuwa mgeni.

Miaka mitatu baadaye, Julai 2023, moto wa msitu ulikikumba kisiwa cha Rhodes, na watu kama 19,000 wakahamishwa, wengi wao watalii. Kwa usiku mmoja watu wa hoteli walilala sakafuni katika shule, na wenyeji wakawaletea maji na mkate. Umbali kati ya mgeni mwenye tikiti na mgeni asiye nayo ukaonekana kuwa mdogo kuliko walivyodhani.

MIZANI

Basi tuhitimishe. Kupumzika si wizi, na mtu haitaji kuomba radhi kwa kufurahia bahari pamoja na rafiki zake. Wasaa ni haki ya mwanadamu, wala si malipo ya kazi tu. Lakini pumziko huharibika kwa njia tatu. Linakuwa anasa pale tamaa zinapokosa kikomo; shanta ni dawa yake. Linakuwa unyonyaji pale tusipotaka kujua nani aliyelibeba. Jembe ni dawa yake. Na linakuwa usahaulifu pale tusipotaka kurudi wala kusikia habari za wengine. Dawa yake ni ile ya Odysseus, kuinuka na kupanda merikebu hata kwa machozi.

Tena nadhani haki ya kupumzika ina deni moja ndani yake. Aliyewahi kupokelewa ugenini, akalala kwa amani kati ya watu asiowajua, amejifunza thamani ya mlango uliofunguliwa. Siku mgeni asiye na tikiti atakapobisha mlangoni kwake, hawezi kusema kwamba hajui mlango huo una maana gani.

Maswali ya kujadiliana:

1. Je, katika nyumba zetu nani hupumzika siku za sikukuu, na nani hufanya kazi ili wengine wapumzike?

2. Rafiki yako ni wa aina ipi kati ya zile tatu? Na wewe kwake je?

3. Mgeni anayekaa kwetu muda mrefu bila kupewa jembe, je, tumemheshimu au tumemdharau?